Oman kwa kufuata mfereji: miji ya kale, ngome na milima (uzi mrefu)

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Nimeahidi kwa muda mrefu kuandika kuhusu Oman, nchi ambayo nimekwenda mara nne kwa mapumziko na ambayo kila nikirudi nahisi bado sijaimaliza. Sikusudii kuandika orodha ya vivutio, kwa kuwa orodha hizo zimejaa tele na zote ni zile zile: msikiti mkuu, soko la Muttrah, usiku mmoja jangwani, kisha uwanja wa ndege. Ninataka kueleza namna moja ya kuitembea nchi hiyo, ambayo mimi niliigundua kwa bahati mbaya, nayo ni kuufuata mfereji wa maji kutoka mlimani hadi ulipoujenga mji.

Nasema bahati mbaya kwa sababu ilianza na kosa langu. Katika safari ya pili nilikodi gari dogo la saluni nikikusudia kupanda Jebel Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Aliyenikodishia alinihakikishia kwamba barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na katika hilo hakusema uongo. Asichosema ni kwamba katika mji wa Birkat al-Mouz, pale mlima unapoanzia, kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovutwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi kupita, kwa kuwa mteremko ni mkali na breki huungua wakati wa kushuka. Askari alinisalimu kwa adabu, akalitazama gari langu, akanionyesha kwa mkono mahali pa kugeuzia. Siku nzima ilikuwa mbele yangu na sikuwa na pa kwenda, basi nikaegesha kando ya mashamba ya mitende na kuanza kutembea.

Humo ndimo nilimoikuta Falaj al-Khatmein. Ni mfereji mwembamba ambao mtu mzima anauvuka kwa hatua moja, na maji yake ni maangavu kiasi kwamba changarawe za chini zinahesabika. Nikaufuata kuelekea kwenye chanzo hadi nikafika mahali unapogawanyika mikono mitatu iliyo sawa. Nilichuchumaa pale kwa muda mrefu. Hapakuwa na mashine wala lango la chuma. Palikuwa na mawe na saruji vilivyopimwa kwa uangalifu, ili kila mkono upate theluthi yake bila mtu kusimama kuulinda. Baadaye nilikuja kusoma kwamba neno falaj lenyewe (kwa wingi, aflaj) limetokana na mzizi wa kale wenye maana ya kugawanya. Tangu siku hiyo, nikiingia katika mji wowote wa kale wa bara ya Oman, swali langu la kwanza ni maji yanaingilia wapi, na jibu lake hunieleza kwa nini ngome iko pale ilipo, msikiti uko pale ulipo, na mashamba yanaishia pale yanapoishia.

Nitaendelea na Nizwa katika bandiko linalofuata.

Mleta mada

Nizwa ipo takriban kilomita 160 kutoka Muscat, ndani ya nchi, kwa barabara kuu nzuri inayopenya katikati ya milima ya Hajar. Ulikuwa makao ya maimamu wa Oman katika vipindi mbalimbali, na ngome yake kubwa ilijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif, wa ukoo wa Yaarubi, ambaye majeshi yake ndiyo yaliyowaondoa Wareno Muscat mwaka 1650. Inasemekana ujenzi ulichukua miaka 12. Mnara wake ni wa duara na mpana kupita kiasi, kwa kuwa ulijengwa katika zama za mizinga, na sehemu kubwa ya chini yake imejazwa mawe na udongo ili upigwe usitikisike.

Ukipanda ngazi za ndani utaona kwamba zinakunja ghafla, na kila zinapokunja pana mlango mzito na, juu ya mlango, tundu. Kupitia matundu hayo walinzi walimwaga asali ya tende iliyochemshwa juu ya adui. Wageni wengi huichukua habari hiyo kama kichekesho, hadi wanaposhuka kwenye ghala la tende na kuona sakafu yenye matuta na mifereji midogo: magunia ya tende yalipangwa hadi juu, uzito wao wenyewe ukakamua asali, na asali ikatiririka katika vile vijifereji hadi kwenye mtungi. Chakula cha wakati wa amani na silaha ya wakati wa kuzingirwa vilitoka katika chumba kimoja.

Ukishafika juu kabisa, usitazame kuba la msikiti peke yake kama wafanyavyo wapiga picha. Geuka utazame ule msitu wa mitende uliouzunguka mji. Hiyo ndiyo mali iliyokuwa ikilindwa. Mitende hiyo inanyweshwa na Falaj Daris, iliyo miongoni mwa aflaj tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, zikiwakilisha takriban mifereji 3,000 ambayo bado inafanya kazi nchini humo. Chanzo chake kipo kaskazini mwa mji, na kando yake kumetengenezwa bustani ambamo familia hukaa jioni na watoto huchezea maji.

Kwa anayeweza kupanga siku zake, nashauri alale Nizwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Alfajiri hufanyika mnada wa mifugo karibu na ngome. Wanunuzi husimama na kukaa wakiacha njia ya mviringo kati yao, na wauzaji huzunguka ndani ya njia hiyo wakivuta mbuzi kwa kamba na kutaja bei kwa sauti. Mnunuzi humsimamisha muuzaji, humfungua mbuzi mdomo, humshika mgongoni, kisha ama wanakubaliana ama mbuzi anaendelea na mzunguko wake. Kufikia katikati ya asubuhi kila kitu kimekwisha.

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa uzi huu. Umeeleza mfereji unavyogawanywa mara tatu, lakini hujaeleza mtu mmoja mmoja anapataje haki yake. Je, mwenye shamba la mwisho hapunjwi na walio juu yake?

Mleta mada

Mkuu, hilo ndilo swali lililonifanya nirudi mara ya tatu, na jibu lake nililiona kwa macho katika kijiji cha Misfat al-Abriyyin, juu ya mji wa Al Hamra.

Kwanza niseme aflaj ni za aina tatu. Ipo iitwayo daudi, ambayo huanzia kwenye kisima mama kilichochimbwa chini ya mlima, maji yakapitishwa katika handaki refu lenye mteremko mdogo mno hadi yatokeze yenyewe kwenye uso wa ardhi. Wazee husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud ndiye aliyewaamuru majini wazichimbe. Ipo ghaili, inayochukua maji yanayopita katika bonde la wadi, na ipo aini, inayotoka kwenye chemchemi. Aina yoyote iwayo, utaratibu wa matumizi ni mmoja: mahali pa kwanza maji yanapotokeza ni pa kunywa na ni haki ya kila mtu, akiwemo mpita njia, kisha yanapita msikitini na mahali pa kuogea, na baada ya hapo ndipo yanapoingia mashambani, mitende ikitangulizwa mbele ya mazao ya msimu.

Mashambani hawagawani maji kwa ndoo bali kwa muda. Kipimo chao huitwa athar, ambacho ni takriban nusu saa, na kila shamba lina idadi yake ya athar katika mzunguko wa siku kadhaa. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota zinazojulikana kwa majina. Siku hizi wengi hutumia saa ya mkononi. Msimamizi wa mfereji huitwa wakili, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa neno hilo. Sehemu ya maji ya falaj hukodishwa kwa mnada ili ipatikane fedha ya kuusafisha na kuukarabati mfereji.

Huko Misfat nilimwona mzee mmoja akitekeleza zamu yake. Aliteremka kwa mawe yaliyochongoka bila viatu, akafika penye tundu la pembeni ya mfereji lililozibwa kwa jiwe lililoviringishiwa matambara, akalichomoa na kulisukumia ndani ya mfereji mkuu. Maji yakasita, yakapanda kidogo, kisha yakageuka yote na kuporomokea kwenye ngazi ya shamba lake, penye migomba, mitende na michungwa. Akakaa juu ya ukingo akiitazama saa yake. Muda ulipokwisha alirudisha jiwe mahali pake, akasuuza miguu, akaondoka. Shamba la mwisho halipunjwi kwa sababu kila mmoja anajua zamu ya mwenzake, na anayeiba maji anaiba mbele ya kijiji kizima.

Kijiji chenyewe ni cha nyumba za mawe na udongo zilizokaa juu ya majabali makubwa, nyingine zikitumia jabali kuwa ukuta au sakafu. Vichochoro ni vyembamba na vingine hupita chini ya nyumba. Wenyeji wameweka bango la kuwaomba wageni wavae mavazi ya heshima na wasiwapige watu picha bila idhini, na kwa kweli aibu hunishika ninapowaona wageni wakilipita bango hilo kama halipo. Al Hamra, ulio chini yake, una nyumba za matofali ya udongo za ghorofa mbili hadi tatu, nyingi zikiwa zimeachwa na dari zake za magogo ya mitende zimeanza kuanguka. Nyumba moja, Bait al-Safah, imehifadhiwa, na ndani yake akina mama huoka mkate mwembamba na kuwaonyesha wageni jinsi mafuta yanavyokamuliwa kwa mkono.

Mchangiaji

Mimi nina familia na siku nne tu. Nimeshalipia hoteli Muscat. Je, unataka kuniambia nimepoteza fedha?

Mleta mada

Hapana, dada yangu, na kama nimeandika kwa namna inayoidharau Muscat, naomba radhi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, unastahili asubuhi nzima. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi isipokuwa Ijumaa, na wanawake hutakiwa kufunika nywele, mikono na miguu. Zulia la ukumbi wa wanaume ni kipande kimoja chenye urefu wa mita 70 na upana wa mita 60. Jioni nendeni Muttrah, mtembee kando ya bahari kuelekea mji mkongwe wa Muscat, mkazione ngome za Jalali na Mirani ambazo Wareno walizijenga kwenye miamba miwili kuilinda bandari katika miaka ya 1580. Mimi ngome hizo nilizitazama kwa nje, nako kwa nje ndiko zinakopendeza.

Siku mbili zilizobaki zipeleke Nizwa, ukiongeza Bahla na Jabrin, ambazo hazipo mbali. Ngome ya Bahla ni ya udongo, kazi ya zama za ukoo wa Nabhani, na iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1987. Mwaka uliofuata ikawekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini kwa jinsi ilivyokuwa ikimomonyoka, na ikatolewa humo mwaka 2004 baada ya ukarabati mrefu. Ni kubwa, tupu na yenye upepo, na watoto huipenda kwa kuwa wanaweza kukimbia humo. Jabrin ni kinyume chake. Imamu Bil'arab bin Sultan aliijenga katika karne ya 17 iwe makazi na mahali pa elimu, na dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi kwa rangi ambazo bado zinaonekana. Mfereji wa falaj unapita ndani ya jengo lenyewe, na kaburi la imamu huyo lipo chini, hatua chache kutoka penye maji.

Kumbuka maduka mengi hufungwa kuanzia mchana hadi alasiri. Familia nyingi hupoteza saa hizo zikizunguka sokoni penye milango iliyofungwa, ilhali huo ndio muda mzuri wa kulala.

Mchangiaji

Mleta mada, nimeusoma uzi wako kwa makini na nina pingamizi. Nimeishi Sur miaka miwili kwa kazi. Hakuna falaj iliyoijenga Sur. Mji ule umejengwa na bahari, na ukimpeleka mtu Oman kwa kumfuatisha mifereji tu, unamnyima nusu ya nchi.

Mleta mada

Pingamizi lako, ndugu, nalipokea, na nakiri kwamba kanuni yangu ni ya bara. Pwani ya mashariki inataka jicho jingine. Sur iliishi kwa jahazi na pepo za msimu: kaskazi ikayasukuma majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki na kusi ikayarudisha. Ndiyo maana hadi leo mgeni anayezungumza Kiswahili katika miji ya Oman asishangae akijibiwa kwa Kiswahili, na ajichunge asiwasengenye watu mbele yao. Mimi yalinikuta dukani Muttrah na sitayasimulia.

Katika karakana ya Sur bado utakuta mafundi wakiunda majahazi ya mbao, na karibu yake limewekwa jahazi kubwa la Fatah al-Khair, lililoundwa mjini humo mwaka 1951, likatumika kwa biashara, likauzwa nje, kisha likanunuliwa na kurudishwa nyumbani. Ng'ambo ya mlango wa hori upo mtaa wa Al Ayjah na mnara wake mweupe. Nenda huko maji yakiwa yanajaa, saa moja kabla ya magharibi.

Hata hivyo, niruhusu nijitetee kidogo. Njiani kati ya Muscat na Sur ipo Qalhat, mji wa bandari uliokuwa wa pili katika ufalme wa Hormuz. Ibn Battuta aliufikia katika karne ya 14 na kuusifia msikiti wake, ambao ulijengwa na Bibi Maryam. Wareno wakiongozwa na Afonso de Albuquerque waliuteketeza mwaka 1508, na mwaka 2018 magofu yake yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichobaki kimesimama ni kaburi la kuba linaloitwa kwa jina la Bibi Maryam, na kando yake kuna birika kubwa la kuhifadhia maji. Kwa hiyo hata mji wa bahari ulipaswa kulijibu swali la maji, ila ulilijibu kwa birika badala ya mfereji.

Mchangiaji

Hapo kwenye birika umenipata. Basi waeleze na mabonde, maana njia hiyo hiyo ina Wadi Shab.

Mleta mada

Naam. Wadi Shab huanzia chini ya daraja la barabara kuu, ambapo wenyeji huwavusha wageni kwa mashua fupi. Kutoka hapo ni mwendo wa takriban dakika arobaini na tano, sehemu nyingine juu ya mfereji wenyewe, kuta za mwamba zikisimama pande zote mbili na mitende ikiwa chini yake. Mwishoni unaingia majini na kuogelea kupitia madimbwi ya kijani hadi penye ufa mwembamba ambao kichwa tu kinapita; ndani yake kuna pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea aishie dimbwi la kwanza bila kuona haya.

Lakini jambo hili nalisisitiza kwa kila atakayesoma: wadi ni njia ya mafuriko. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kufika bondeni ukiwa umeketi juani na mbingu juu yako ni safi. Watu hufa kwa namna hiyo. Ukisikia utabiri wa mvua kwenye Hajar, ahirisha, na kamwe usilivushe gari katika maji yanayopita juu ya barabara.

Kusini-mashariki mwa Sur ipo hifadhi ya Ras al-Jinz, ambako kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga. Wageni huongozwa kwa vikundi gizani, bila tochi zao wenyewe. Nilimwona mmoja akifukia mayai yake: alirusha mchanga kwa makasia yake ya mbele, akapumzika kwa pumzi nzito iliyosikika kama ya mtu aliyebeba mzigo, akarusha tena. Ilimchukua muda mrefu kuliko subira ya kikundi chetu, nusu yao wakaondoka kabla hajarudi baharini.

Mchangiaji

Na hiyo Jebel Akhdar, ulifanikiwa kuipanda hatimaye?

Mleta mada

Nilifanikiwa katika safari ya tatu, kwa gari lililoruhusiwa. Uwanda wa Saiq upo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000, na ukitoka Nizwa kwenye joto unajikuta unatafuta sweta. Kwenye ukingo wa korongo vimekaa vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah, mashamba yao yakishuka ngazi kwa ngazi: makomamanga, lozi, na mawaridi ambayo huchanua kati ya mwishoni mwa Machi na Mei. Wakati huo wanavijiji huchuma mapema kabla jua halijakausha harufu, kisha hukeneka marashi katika majiko ya udongo, na kijiji kizima hunukia moshi na waridi kwa pamoja.

Jebel Shams, ulio mrefu zaidi nchini kwa kukaribia mita 3,000 au kupita kidogo, nimeuona kwa upande wa korongo la Wadi Nakhr tu, lenye kina cha takriban kilomita moja. Njia ya miguu inaambaa ukingo wa korongo hilo hadi kwenye kijiji kilichohamwa cha As Sab. Humo kuta za mashamba bado zimesimama, na kando ya jabali linalodondosha maji lipo dimbwi dogo lililowaweka watu pale kwa vizazi.

Salalah na msimu wake wa ukungu na manyunyu uitwao kharif, kuanzia Juni hadi Septemba, pamoja na miti ya ubani na magofu ya Al Baleed, ipo takriban kilomita 1,000 kusini mwa Muscat na inataka safari yake peke yake. Nimekwenda mara moja, siku tatu, ukungu tupu. Mwenye uzoefu zaidi na Dhofar, mkoa wa Salalah, aandike hapa chini, nami nitakuwa msomaji.